Hiyo Dakika Umeitoa Wapi?

Mtu mzima akianza kuogelea kwa mashindano, haipiti muda kabla hajajiwekea dakika moja. Mita mia za mtindo huru ndani ya dakika moja: namba tamu, haina chenji, ukiitaja barazani kila mtu anaielewa. Nimeisikia kwa wanaume wa maofisini ambao daktari aliwatisha na presha ndipo wakakumbuka kwamba wao ni watu wa pwani. Nimeisikia kwa mama wa watoto watatu ambaye mwaka jana tu alikuwa bado anajifunza kupumua bila kumeza maji. Nami huwa nina swali moja tu: hiyo dakika umeitoa wapi?

Siulizi kwa kejeli. Kazi yangu ya mchana ni makaratasi ya mizigo bandarini, na huko hakuna namba inayopita bila karatasi iliyoizaa. Ukisema kontena lina tani kumi na nane, utaulizwa ankara iko wapi, hati ya shehena iko wapi. Naona muda wa kulenga majini nao unataka karatasi yake. Namba isiyotoka popote haimsukumi mtu mbele. Humtia aibu miezi michache, kisha humrudisha kwenye kochi na kusema kuogelea si kwa watu wa umri wake.

Sisi ni kikundi kidogo cha watu wazima hapa kisiwani Mombasa. Tunakodi leni kwenye bwawa la klabu. Wanawake wana saa zao, wanaume zao, na wanaotaka kuchanganyika huja Jumamosi asubuhi kabla jua halijawa kali. Mdogo wetu ana miaka thelathini na kitu. Mkubwa wetu ni mstaafu wa bandari anayegonga sabini, na ndiye msumbufu kuliko wote. Mimi ndiye mwenye daftari na stopwochi, cheo nilichopewa kwa sababu ya kazi yangu, si kwa sababu ya kasi yangu.

Wenzetu wa Marekani walishalifikiria jambo hili kwa watoto wao. Chama chao cha kuogelea hutoa jedwali la muda wa kuhamasisha, lenye madaraja ya herufi: B, BB, A, AA, AAA na AAAA. Kila rika na kila mtindo una safu yake, na jedwali hupitiwa upya kila mzunguko wa Olimpiki. Mtoto wa miaka kumi na moja haambiwi amfukuze bingwa wa dunia. Anaambiwa: wewe uko B, BB iko pale, inakudai sekunde kadhaa. Akiipata, kuna nyingine juu yake. Ninachokipenda ni kwamba ngazi ziko karibu karibu. Mtoto hajawahi kukaa misimu miwili bila kitu cha kushika.

Kwa watu wazima mambo yalianza kwa njia nyingine. Mwaka 1970, Ransom Arthur, daktari wa jeshi la wanamaji la Marekani, na kocha John Spannuth walifanya mashindano ya kwanza ya kitaifa ya watu wazima huko Amarillo, Texas. Hoja ya daktari ilikuwa ya afya: mtu akiwa na mashindano mbele yake, atafanya mazoezi hata siku ambazo hataki. Kutokana na wazo hilo ukakua mchezo mzima, na mwaka 1986 Tokyo ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia ya waogeleaji wa rika hilo. Leo World Aquatics, shirikisho la kuogelea la dunia, huwagawa kwa miaka mitano mitano kuanzia 25: 25 hadi 29, 30 hadi 34, na kuendelea mpaka wenye miaka mia na zaidi. Umri unahesabiwa kwa ule utakaokuwa nao tarehe 31 Desemba. Yaani ukitimiza hamsini mwezi wa Novemba, tangu Januari wewe ni wa rika la 50 hadi 54, na wale vijana wa arobaini na tano waliokuwa wakikusumbua umewaacha nyuma bila jasho.

Sijui mchezo mwingine ambao watu huwa na hamu ya kuzeeka namna hii. Mstaafu wetu anaingia rika la 70 hadi 74 Januari ijayo, na anaisubiri kama wengine wanavyosubiri mwezi uandame.

Sasa, ukiacha dakika isiyo na asili, unachukua namba gani? Kocha wetu wa zamani alikuwa mtu wa pointi. World Aquatics ina fomula yake: unachukua muda wa msingi, ambao ni rekodi ya dunia, unaugawa kwa muda wako, jawabu unalizidisha lenyewe mara tatu, kisha unazidisha kwa elfu moja. Mfano: rekodi ya mita 100 mtindo huru kwa wanawake ambayo Sarah Sjöström aliiweka Budapest mwaka 2017 ni sekunde 51.71. Mwanamke anayeogelea kwa 1:45 kwenye bwawa la mita 50 anapata pointi 119 kwa kipimo hicho. Akajitesa msimu mzima, akaamka alfajiri, akashusha sekunde tano nzima hadi 1:40, anapata 138. Kati ya elfu! Mtu amefanya kazi kubwa kuliko mabingwa wengi wanavyofanya kwa mwaka, na karatasi inamwambia bado ni vumbi. Fomula hiyo ni nzuri ukitaka kujua kama wewe ni hodari zaidi kwa mgongo au kwa kifua. Kwa kumpa mtu moyo haifai, na mimi nimeitoa kwenye daftari.

Tulichofanya ni kujitungia jedwali letu, na kila mtu ana safu tatu. Ya kwanza tunaiita muda wa mkononi: ule unaoweza kuupata siku yoyote, hata kama umelala vibaya na foleni ya daraja la Nyali imekumaliza. Huu haulengwi, unalindwa. Ya pili ni muda wa msimu. Kwa mtu aliyekwisha kuogelea miaka kadhaa, tunaondoa asilimia mbili kwenye muda wake wa karibuni. Aliyeanza juzi anaondolewa tano, kwa sababu yeye bado anajifunza na sekunde zinamdondoka zenyewe. Ya tatu ni muda wa dua. Huo lazima utoke nje yetu: kwa kawaida tunauchukua kwenye viwango vya kuingilia mashindano ya dunia kwa rika lako, au kwenye orodha ya kumi bora ambayo chama cha watu wazima cha Marekani huitoa kila mwaka kwa kila rika. Muda wa dua unaandikwa, hautangazwi. Watu wengine husema ukitangaza lengo utalifikia. Mombasa ukitangaza lengo utaulizwa kila Ijumaa baada ya swala limefika wapi, na sioni hilo likimsaidia mtu kuogelea.

Asilimia mbili inaonekana ndogo mpaka uiandike kwa sekunde. Mtu wa 1:45 ana sekunde 105. Asilimia mbili ni sekunde 2.1. Analenga 1:42.9. Na hapa ndipo swali la asili linaporudi kwa mlango wa pili: hizo sekunde mbili na sehemu zake zitatoka wapi? Jibu la wengi ni "nitajikaza". Kujikaza hakuandikiki kwenye daftari.

Nichukue mfano wa shoga yangu mmoja wa Bondeni, naye ni mtu wa 1:45. Mikono yake mizuri, pumzi anayo, lakini ukutani alikuwa akifanya mkutano. Anafika, anashika ukingo kwa mkono, anainua kichwa, anavuta pumzi, anairekebisha kofia, anakunja miguu, ndipo anajisukuma. Siku moja tuliweka chupa ya maji juu ya ukingo, mita tano kutoka ukutani. Kichwa chake kikipita chupa akienda, nabonyeza. Kikipita tena akirudi, nabonyeza. Mita tano za kuingia, mita tano za kutoka. Ilikuwa ikisoma sekunde kumi na nukta nne, kumi na nukta tano. Kwa majuma tukaacha kabisa habari ya mita mia, tukafanya chupa tu. Kwanza tulimkataza kushika ukingo: mkono uguse na kuachia. Halafu tukamkataza kuinua kifua, apumue pembeni huku anageuka. Kichwangomba chenyewe, ule mpinduko wa majini mbele ya ukuta, alikijifunza mwisho, akitoka na maji puani na maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Chupa ikaanza kusoma tisa na nukta nane.

Piga hesabu. Mita mia kwenye bwawa la mita 25 zina kugeuka mara tatu. Sehemu sita za kumi mara tatu ni sekunde 1.8. Zimebaki sehemu tatu za kumi tu kufika lengo la msimu, na hizo unaweza kuzipata kwa kumaliza mbio ukiwa umenyoosha mkono badala ya kuinua kichwa kutazama nani anakutazama. Hakuongeza nguvu hata kidogo. Tangu siku hiyo muda wa msimu wa kila mtu umeandikiwa pembeni yake mahali utakapotoka: kuta tatu, kuondoka, mita 25 za mwisho. Ikiwa hakuna cha kuandika pembeni, hatuuandiki muda wenyewe.

Kuondoka nako kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kanuni za watu wazima zinamruhusu mwogeleaji kuanzia juu ya jukwaa, kwenye ukingo, au akiwa ndani ya maji ameshika ukuta. Kwa mabwawa yetu mengi yasiyo na majukwaa ya kurukia, hii ni rehema. Lakini daftari lazima liseme umeanza vipi. Kuruka na kuanzia majini kunatofautiana kwa zaidi ya sekunde moja, na ukichanganya utajidhania umepanda daraja kumbe umepanda ukingo.

Na bwawa lenyewe je? Hili ndilo linalonikosesha raha kuliko yote. Kuna mwenzetu mmoja, kijana wa vifaa vya ujenzi, aliyetuletea rekodi kutoka hoteli moja ya pwani ya kaskazini: alikuwa ameshusha karibu sekunde tisa kwa wikendi moja. Furaha ilikuwa kubwa, ahadi za biriani zikatolewa. Mstaafu wetu hakusema kitu, ila Jumapili iliyofuata alimwomba twende naye, na yeye mwenyewe kijana akabeba tepu ya fundi kutoka dukani kwake. Tulilaza tepu ukingoni, mmoja huku, mmoja kule, watalii wakitushangaa kwenye viti vyao. Ikasoma mita ishirini na mbili na sentimita themanini na kitu. Yadi ishirini na tano, ambazo ni mita 22.86. Mara nne ni mita 91.44, si mia. Mtu wa 1:45 akiziogelea kwa kasi yake ileile atamaliza kwa 1:36, bila kuongeza chochote. Sekunde tisa za bure, zimetoka kwa mjenzi.

Kijana aliumia, lakini biriani alipika hata hivyo.

Kwa mashindano makubwa, World Aquatics hairuhusu bwawa kupungua hata milimita moja. Linaruhusiwa kuzidi kwa sentimita moja tu. Sisi hatutafika huko, lakini tepu ya fundi haina gharama. Mabwawa ya hoteli, yale yaliyopinda mfano wa korosho na yenye kisiwa cha mnazi katikati, ni mazuri kwa kunywa madafu pembeni yake.

Stopwochi nayo ina hila zake. Anayebonyeza kwa mkono huona taa au husikia filimbi kisha kidole hufuata, na mwishoni anautazamia mkono ukifika, kwa hiyo hubonyeza papo hapo. Matokeo yake muda wa mkono mara nyingi huwa mzuri kuliko wa mashine kwa kama sehemu mbili za kumi. Zikumbuke unapopeleka muda wako kwenye mashindano yenye pedi za kugusa, zile za ukutani zinazosimamisha saa zenyewe. Sehemu mbili za kumi si kitu, utasema. Muulize Dara Torres. Beijing 2008, akiwa na miaka 41, alikosa dhahabu ya mita 50 kwa sehemu moja ya mia: 24.07 dhidi ya 24.06 ya Britta Steffen. Michezo ile ile, fainali ya mita 100 kipepeo, Michael Phelps alimpita Milorad Čavić kwa sehemu moja ya mia, na kwenye maji yale yale Mkenya wetu Jason Dunford akamaliza wa tano, baada ya kushikilia rekodi ya Olimpiki kwa muda mfupi kwenye mchujo. Miaka miwili baadaye Dunford alichukua dhahabu ya Jumuiya ya Madola huko Delhi, mita 50 kipepeo. Watu wa Kenya tunazijua sekunde za riadha kwa moyo; za majini hatujazizoea bado.

Nguo. Hapa naomba kina baba wapite haraka au wasome kwa adabu. Wengi wetu kwenye saa za wanawake tunavaa suti za kufunika mwili mzima, mikono mpaka viganja, miguu mpaka vifundo, na kofia ya kufunika shingo. Nyingine zina sketi fupi juu. Maji huingia, kitambaa huvuta, na kila ukijisukuma ukutani unahisi mtu kakushika kiunoni. Kwamba nguo hubadilisha muda si maneno ya wavivu. Mwaka 2009, enzi za suti za plastiki zinazobana, mashindano ya dunia ya Roma yalivunja rekodi 43, na kuanzia Januari 2010 suti zile zikapigwa marufuku. Ikiwa suti inaweza kumwongezea kasi bingwa kiasi hicho, ya kwangu inaweza kunipunguzia vilevile, na haina haja ya kuliliwa. Daftari lina safu ya nguo. Muda wangu wa burkini unashindana na muda wangu wa burkini. Mwenzangu akibadilisha suti yenye sketi akanunua iliyobana bila sketi, tunaanza ukurasa mpya, muda wa mkononi upya, msimu upya. Kuna mmoja aliona tunamnyima ushindi. Nilimwambia ushindi ni wa duka.

Halafu kuna hali ya maji na mwezi. Kanuni za mashindano zinataka maji ya nyuzi 25 hadi 28. Bwawa la wazi la Mombasa wakati wa kaskazi, Februari jua likipiga, halijui kanuni hizo. Maji huwa vuguvugu kiasi kwamba baada ya mita mia nne uso umekuiva. Kwa mita 50 hutaona tofauti kubwa. Kwa mita 800 utaiona. Kwa hiyo lengo la masafa marefu tunaliweka kusi, kuanzia Juni mpaka Agosti, maji yakiwa yamepoa na upepo umetulizwa na kuta za klabu. Kaskazi tunafanya mbio fupi na kuta.

Ramadhani haina lengo la muda kwetu. Wengine huogelea kabla ya futari kidogo tu, wengine baada ya tarawehe, wengine huacha kabisa kwa kuogopa kumeza maji, na kila mmoja ana hoja yake mbele ya Mola wake. Lengo la mwezi ule ni moja: ukirudi baada ya Idi, muda wa mkononi usiwe umepotea mbali. Kwa kawaida hupotea kidogo na hurudi baada ya majuma mawili matatu. Anayekuja na muda wa msimu katikati ya mfungo namrudishia daftari lake.

Safari ya Nairobi pia ina hesabu yake. Kasarani kuna bwawa la mita 50. Ukitoka bwawa la mita 25, mita mia zako zilikuwa na kugeuka mara tatu. Kule ni mara moja. Umenyang'anywa kuta mbili, na kuta ndizo tulizokuwa tukizitegemea. Shoga yangu wa Bondeni, kwa kazi yote ile ya chupa, atakuta sehemu kubwa ya faida yake haiko. Hivyo tunamwandikia lengo tofauti kwa Kasarani, la polepole zaidi, na tunamwambia mapema ili asije akalia kwenye basi la kurudi. Kuhusu mwinuko, jiji lile liko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na watu wa pwani wanapenda kuutaja. Marekani wana marekebisho ya muda kwa mabwawa yaliyo juu ya futi 3,000, lakini huanzia mita 200. Kwa mbio za 50 na 100 hakuna kitu. Basi kisingizio cha hewa nyembamba kisitumike kwa mita 50, maana mtu mwenyewe anakuwa amepumua mara nne tu.

Mpaka hapa nimesema habari za siku ya mashindano, lakini kusema kweli lengo ninalolithamini kuliko yote ni la siku ya kawaida, Jumanne, wakati hakuna anayetazama. Mashindano ya watu wazima kwetu ni machache mno. Ukiweka moyo wako wote kwenye mbio moja ya mwaka, na siku hiyo ukaamka na mafua, umepoteza mwaka. Kwa hiyo tuna kipimo cha mita 400 na mita 200, ogelea zote mbili kwa nguvu, kwa siku tofauti au ukipumzika vya kutosha katikati. Ondoa muda wa 200 kwenye muda wa 400, kinachobaki ni muda wa mita 200 za kasi unayoweza kuidumu nayo. Gawanya kwa mbili. Mstaafu wetu alipopima mara ya kwanza alipata 8:20 kwa mia nne na 4:00 kwa mia mbili. Tofauti ni 4:20, nusu yake 2:10. Basi kazi yake ya Jumanne ikawa mita mia mara kadhaa, kila moja kwa 2:10, akipumzika sekunde ishirini. Si 2:05 kwa ya kwanza na 2:25 kwa ya mwisho, kama wanaume wanavyopenda. Zote 2:10. Siku anayozimaliza zote bila kuachia, tunapunguza sekunde moja. Lengo hilo halihitaji mashindano, halihitaji hakimu, na linamrudia kila juma.

Kuna wakati inabidi lengo liwe kutopungua. Tafiti za Tanaka na Seals za mwaka 1997, walioupitia muda wa waogeleaji watu wazima wa Marekani, zilionyesha kwamba kasi hushuka polepole kwa miaka mingi, kisha baada ya takriban sabini mteremko unakuwa mkali. Mstaafu nilimsomea hayo. Akanijibu, "Mwanangu, mteremko naujua, niambie muda." Nikamwambia habari za Mieko Nagaoka wa Japani, aliyeanza kuogelea akiwa na zaidi ya miaka themanini kwa sababu ya goti, na mwaka 2015, akiwa na miaka 100, akaogelea mita 1500 kwenye bwawa la mita 25 kwa saa 1, dakika 15 na sekunde 54.39, mtu wa kwanza wa umri huo kuzimaliza. Alimaliza kwa mgongo. Mzee alichukua kalamu yangu, akagawa kwa kumi na tano, akapata kama dakika tano na sekunde nne kwa kila mita mia. Akauliza ana miaka mingapi ya kujiandaa. Nikamwambia thelathini na kidogo. Akaniagiza niiandike kwenye safu ya dua. Nimeiandika, karatasi yake ipo.

Tunalogombana naye ni bahari. Yeye alijifunza kuogelea kwa kurukia maji ya Bandari ya Kale na wenzake, hakuwahi kuona bwawa mpaka alipoota mvi, na bado asubuhi nyingine huogelea ndani ya mwamba pale Nyali kuelekea Bamburi, kisha huniletea muda wake niuweke kwenye daftari. Mara hii dakika arobaini, mara ile ishirini na nane, masafa yaleyale. Bila shaka: kusi ikivuma maji hukimbilia kaskazini, na siku za bamvua huwezi kujua kama umeogelea au umebebwa. Maji mafu hukuambia ukweli kidogo. Maji yakipwa sana, nusu ya njia ile unaweza kutembea, na sina hakika hatembei. Nimemkatalia mara nyingi. Mwishowe nimemfungulia ukurasa wake nyuma ya daftari, wenye safu ya mwezi, ya upepo na ya saa ya kupwa na kujaa, na nimemwambia ajaze mwenyewe, kwa penseli.